Kuku wa Sherikat: Mistari Miwili

Ulipolikunja gazeti Jumamosi iliyopita, msomaji, Kisakye alikuwa amechuchumaa mbele ya kizimba chake katika soko la kuku la Sherikat, mkononi ameshika tetea aliyekufa. Upanga wa kichwani mwa tetea yule ulikuwa umegeuka zambarau. Na nyuma ya mgongo wa Kisakye, sauti ya mwanamke ilikuwa imesema, "Weka hiyo kuku chini."

Sauti ikarudia.

"Weka chini, dada. Polepole. Na usijiguse uso."

Kisakye akamlaza tetea juu ya gunia, akageuka. Alimwona mwanamke mrefu, mwembamba, gauni la maua, kikapu mkononi, kama mtu aliyekuja kutafuta kitoweo. Lakini ndani ya kikapu hamkuwa na nyanya wala vitunguu. Mlikuwa na glavu, barakoa, na kisanduku cha plastiki cha bluu.

"Ni wewe ulinipigia simu jana?"

Kisakye akatazama kushoto. Akatazama kulia. Kwenye kizimba cha jirani, Matiya alikuwa akipunga vumbi kwa kofia yake na kupatana bei na mteja.

"Mama, sema polepole," alinong'ona. "Hii watu ikisikia, mimi nimekwisha."

"Naitwa Nyachangkuoth. Mimi ni daktari wa mifugo. Nimekuja bila gari ya serikali ndio usiingie kwa shida. Sasa niambie. Wamekufa wangapi?"

"Juzi, watatu. Jana, kumi na moja. Leo..." Kisakye akameza mate. "Leo sijamaliza kuhesabu."

Miaka tisa alikuwa akiuza kuku waliovushwa mpaka wa Nimule kutoka kwao Uganda. Alikijua kideri kama anavyojua njia ya kwenda kwake Gudele. Kuku mwenye kideri hupinda shingo, huharisha kijani, huzubaa, huchukua siku zake kufa. Ugonjwa huu haukupinda shingo ya kuku hata mmoja. Jioni kuku anadonoa mtama, asubuhi miguu iko juu.

Ndiyo sababu aliponasa ile namba iliyotangazwa redioni, alijificha nyuma ya choo cha soko akaipiga. Na alipokata simu tu, akajuta.

Doktora, maana ndivyo watu wa Juba wanavyomwita daktari wa kike, alivaa glavu na barakoa. Akamtoa kizimbani tetea mmoja aliyekuwa hai bado, macho yamevimba, kichwa kimemlemea. Akampanua mdomo, akaingiza kijiti chenye pamba hadi kooni, akakizungusha. Kijiti kikaingia kwenye kichupa chenye maji. Matone matatu yakadondoka juu ya kipande cha plastiki kisichozidi kidole.

"Dakika kumi na tano," alisema. "Mstari mmoja, tuko sawa. Mistari miwili..."

Akakiweka kile kipande juu ya kisanduku cha bluu.

Kisakye alikitazama kile kipande cha plastiki. Alikwisha kuona kitu kama hicho. Miezi sita nyuma, mdogo wake Aidah alitoka bafuni nacho mkononi, anacheka na kulia kwa pamoja, akimwonyesha mistari miwili. Aidah ndiye aliyenyonyoa kuku wa wateja pale sokoni. Na leo Aidah hakuja kazini. Alisema kichwa kinamgonga.

"Ni nani ameleta hii mwanamke hapa?"

Sauti ile ilitikisa mabati. Alikuwa Mzee Douglas, mwenyekiti wa wauza kuku wa Sherikat, mtu wa miaka sitini na zaidi, kifua kama pipa, kofia ya majani kichwani. Nyuma yake wauzaji wengine walikuwa wakisogea. Glavu nyeupe zinaonekana kwa mbali.

"Mimi nimejileta mwenyewe, mzee," alisema doktora bila kusimama. "Niko kazini."

"Kazi gani? Hapa hakuna mgonjwa. Joto tu. Lori ya juzi ilikwama Nimule siku mbili kwenye jua."

"Basi tungoje kipimo kiseme hivyo."

"Mimi najua nani alimwita!" Alikuwa Matiya, na kidole chake kilielekea moja kwa moja kwenye paji la uso la Kisakye. "Jana mimi niliona hii mwanamke nyuma ya choo, anaongea simu, anaficha mdomo. Ni yeye! Anataka sisi tufungiwe suk, hii soko yetu!"

Minong'ono ikapanda. Mtu mmoja akapiga teke debe la maji. Mwingine akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba msaliti anajulikana dawa yake.

Kisakye akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa kizimba.

Mzee Douglas akapita katikati ya watu, akasimama mbele yake, akawageuzia uso.

"Wewe Matiya, funga mdomo. Hii ni mtoto wangu. Mimi namjua. Yeye hawezi."

Matiya akashusha kidole.

"Nani ana neno lingine?"

Kisakye, aliyekingwa na mgongo ule mpana, alitamani ardhi ipasuke. Maana haikuwa mara ya kwanza mgongo ule kumkinga. Julai ya 2016, mji ulipowaka risasi, Douglas aliwaficha yeye na Aidah siku nne ndani ya stoo yake, nyuma ya magunia ya chakula cha kuku. Alikuwa akitoka mwenyewe kutafuta maji. Asubuhi moja alirudi na dumu lililotobolewa na risasi, kidole chake kimeziba tundu njia nzima, akacheka akisema ni tone moja tu limepotea.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa amesema sasa hivi kwamba yeye hawezi.

"Dada," aliita doktora. "Kuja uone."

Watu wote waliinamisha vichwa. Kwenye kile kipande cha plastiki, mstari wa kwanza ulikuwa mwekundu kabisa. Chini yake, mwembamba kama uzi, ulikuwapo wa pili.

Wauzaji wa mbele wakarudi nyuma hatua moja.

"Ni mafua," alisema Nyachangkuoth, na sasa alisimama, akainua sauti wote wamsikie. "Mafua ya ndege. Ni aina gani hasa, maabara ndio itasema, lakini hatungoji maabara. Kuanzia sasa hakuna kuku anaingia hapa wala kutoka. Hakuna manyoya, hakuna mayai, hakuna tenga. Mtu yeyote aliyeshika kuku mgonjwa, anawe mikono kwa sabuni, aandike jina lake kwangu."

"Na kuku yetu?" aliuliza Matiya, na sauti yake haikuwa tena ile ya kelele.

Doktora alimtazama. "Wanauawa. Wote. Leo."

Mwanamke mmoja akapiga ukemi. Mtu akakimbilia kizimba chake, akakikumbatia kama vile kizimba kinaweza kubebwa kifuani. Tayari doktora alikuwa kwenye simu, na muda si muda pikapu nyeupe iliyokuwa imeegeshwa mbali na soko ikaingia kinyumenyume. Wakashuka wanaume wanne waliovaa ovaroli nyeupe toka kichwani hadi miguuni, macho tu yanaonekana nyuma ya miwani. Migongoni wamebeba mitungi ya dawa ya kupulizia.

Watoto wa jirani walipowaona, walikimbia.

Askari wawili waliokuja na pikapu walisimama langoni. Kazi ikaanza. Kisakye, aliyekwisha pewa barakoa na kunawishwa mikono hadi viwiko, alisimama kando akisikiliza. Soko la kuku halinyamazi kamwe, wewe unayelijua utakubali. Kuna kuwika, kuna kutetea, kuna mbawa. Sasa, kizimba kimoja baada ya kingine, kelele zilikuwa zikizimika, na ule ukimya ulikuwa ukisogea kumfuata.

Ilikuwa inakaribia saa nane mchana doktora alipotokea nyuma ya mabanda na kumwita Mzee Douglas.

"Mzee, hizi vizimba tatu za huku nyuma ni za nani?"

"Zangu."

"Ziko tupu."

"Ziko tupu wiki nzima. Biashara iko chini."

Doktora akachuchumaa. Akachovya kidole cha glavu kwenye bakuli la maji lililokuwa kizimbani. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni, maji safi. Chini, mavi ya kuku yalikuwa bado mabichi.

"Wiki nzima?"

"Wiki nzima, mama nyabo."

Macho ya doktora yakahama kutoka kwa mzee, yakatua kwa Kisakye.

Kisakye alijua. Saa tano asubuhi, wakati watu wote wanakodolea macho kile kipimo, alikuwa ameona kwa pembe ya jicho raksha mbili, zile bajaji za Juba, zikitoka kwa njia ya nyuma, turubai limefunikwa juu, na matenga ya Douglas yenye kamba za bluu yamejitokeza chini yake. Alilitazama vumbi miguuni mwake.

"Sawa," alisema doktora taratibu. Akafunua daftari lake. "Tuendelee. Nani hunyonyoa kuku hapa?"

"Aidah," walijibu watu watatu kwa mpigo. "Mdogo wake Kisakye."

"Ako wapi?"

Barakoa ya Kisakye ilianza kulowa kwa pumzi. "Nyumbani. Gudele. Anaumwa kichwa. Ni... ni mimba. Mimba inaleta kichwa."

Kalamu ya doktora ilisimama. "Ako na mimba?"

"Miezi saba sasa."

"Mpigie simu. Sasa hivi. Weka sauti nje nisikie."

Simu iliita. Ikaita. Ikaita hadi ikakatika, na Kisakye akakosea kubonyeza mara mbili. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Dada." Sauti ilikuwa imekwaruza, kama ya mtu mwingine. Walizungumza kwa Kiganda chao, na Kisakye akawa anamtafsiria doktora kwa haraka.

"Aidah, unajisikiaje?"

"Baridi. Jua lote hili na mimi nimejifunika blanketi mbili. Macho yananiwasha, dada. Nimejitazama kwenye kioo, yamekuwa mekundu."

"Unakohoa?"

Jibu lilikuwa kikohozi chenyewe. Kirefu. Kisakye alifumba macho mpaka kilipokwisha.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi hii. Labda ni lile vumbi la jana. Nilinyonyoa wengi sana jana."

"Wengi wa nani? Mimi jana sikuuza wa kunyonyolewa."

Aidah akakohoa tena.

"Aidah. Wa nani?"

"Wa Mzee. Walikuwa thelathini. Walikuwa... walikuwa wamekufa tayari, dada. Tangu Jumatano ananiletea waliokufa. Alisema ni joto la lori, nisikuambie. Alisema wewe unaogopa ovyo, utatutia balaa."

Simu ilikaribia kumponyoka. Doktora aliidaka, akazungumza na Aidah kwa Kiswahili cha polepole: asitoke chumbani, afungue dirisha, asimruhusu mtu kuingia, gari linakuja, watu watakaoshuka watakuwa wamevaa nguo za kutisha lakini asiogope. Alipomaliza akapiga simu ya pili, kwa watu wa afya, na hiyo aliizungumza kwa Kiarabu cha Juba, haraka haraka, na neno pekee ambalo Kisakye alitaka kusikia halikuwemo.

"Atapona?"

"Kuna dawa. Siku mbili za kwanza ndio inafanya kazi vizuri. Tuko siku ya kwanza." Doktora alimshika bega kwa mkono wa glavu. "Na wewe utameza pia. Mnalala chumba kimoja?"

"Kitanda kimoja."

Doktora alitikisa kichwa, akaandika.

Ndipo Kisakye alipogeuka. Hakuamua kwa kufikiri. Miguu ilikwenda yenyewe, ikavuka uwanja uliotapakaa manyoya na chokaa, ikasimama mbele ya Mzee Douglas aliyekuwa ameketi juu ya debe lililofudikizwa.

"Mzee, mimi niliwaita."

Douglas akainua uso.

"Matiya alisema kweli. Nyuma ya choo, ni mimi. Na raksha mbili za asubuhi, mimi iliona. Kamba za bluu iliona. Zimeenda wapi?"

Watu walisogea. Matiya alikuwa miongoni mwao, lakini safari hii hakunyoosha kidole.

"Mwana wangu," alisema Douglas kwa sauti ya chini, "wewe? Baada ya yote mimi nimefanya?"

"Aidah anaumwa, Mzee. Macho imekuwa mekundu. Anakohoa. Gari inaenda kumchukua sasa hivi."

Uso wa yule mzee ulibadilika mbele ya macho yao. "Aidah gani?" aliuliza, kama vile wapo wawili. "Aidah wetu?"

"Ulimpa maiti za kuku anyonyoe. Na mimba ile."

"Mimi nilifikiri kideri!" Alisimama, debe likaanguka. "Kideri haisumbui mtu! Miaka thelathini mimi nakula kuku ya kideri, nani amekufa? Mimi sijui hii kitu nyingine! Mungu wangu, Aidah..." Alijishika kichwa, kofia ikadondoka, na mwanamume yule aliyezoea kuzima soko zima kwa sauti moja akaanza kulia kwa kwikwi.

"Mzee." Doktora alikuwa amefika. Hakufoka. "Kuku wameenda wapi?"

"Mtoni."

"Mtoni wapi?"

"Kwa boti. Boti ya Gai. Inashuka mpaka mji wa Bor." Alifuta pua kwa kiganja. "Inatoka saa tisa."

Kisakye alitazama saa ya simu. Saa tisa kasoro dakika ishirini na mbili.

"Wangapi?"

"Mia moja na ishirini. Tenga nane."

"Mimi nakwenda," Kisakye alisema. "Mimi najua tenga zake, najua Gai. Wewe utatafuta mpaka kesho."

Doktora alimtazama kwa nukta moja, akamtupia barakoa mpya na glavu. "Kaa nyuma ya pikapu, upepo ukupige. Usimguse mtu."

Pikapu ilitoka Sherikat ikipiga honi mfululizo. Nyuma, Kisakye alijishikilia ubavuni mwa gari, jua linamchoma utosi. Walipofika darajani, magari yalikuwa yamesimama. Lori la saruji lilikuwa limepasuka tairi katikati ya daraja, na pande zote mbili madereva wametoa vichwa nje wakitukanana.

Dakika tano zikapita. Sita. Chini yao Nile ilikuwa ikienda zake bila haraka.

Kisakye akaruka chini.

"Rudi!" doktora aliita. Kisha, sekunde moja baadaye, naye akafungua mlango, akaukunja upindo wa gauni lake la maua kiunoni, akamfuata.

Walikimbia. Wanawake wawili wenye barakoa, mmoja mfupi mnene, mmoja mrefu kama mlingoti, wakipenya kati ya boda na malori, na watu wakiwapisha kwa hofu bila kuuliza. Waliposhuka upande wa pili na kufuata njia ya gatini, kifua cha Kisakye kilikuwa kikilia kama kinubi kibovu. Alikohoa. Akasimama ghafla kwa woga wa kikohozi chake mwenyewe. Ni mbio tu, alijiambia. Ni mbio. Akaendelea.

Boti ilikuwa ndefu, ya chuma, imejaa hadi pomoni: magodoro, magunia ya sukari, abiria wapatao sitini. Injini ilikuwa inanguruma. Kamba ya nyuma ilikwisha kufunguliwa. Na katikati ya watu, chini ya turubai, Kisakye aliona bluu. Juu ya tenga moja alikuwa ameketi mama kijana, mwanawe mchanga amelala mapajani.

"Gai! Simamisha!"

Gai, mwenye boti, Mdinka mrefu aliyejifunza Kiswahili chake katika kambi ya Kakuma, alimpungia mkono kwa furaha. "Mama Kisakye! Kalas, basi, tumeshaondoka! Rudi kesho!"

"Kuku wana ugonjwa! Rudisha boti!"

Injini ilimeza maneno. Kamba ya mbele ilianza kuteleza kutoka kwenye nguzo, na kati ya chuma na ukingo maji yakafunguka: hatua moja, hatua mbili.

Kisakye hakujua kuogelea. Aliingia. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani, baridi na yenye nguvu, yakimvuta miguu. Aliidaka ile kamba kwa mikono miwili, akaisokota kwenye kiwiko.

"Wewe iko wazimu?" alipiga kelele Gai. "Achia! Utakufa!"

"Funua turubai! Angalia tenga! Angalia tu!"

Labda ni yale macho yake. Gai alimwashiria fundi apunguze moto, akapita kati ya abiria, akainua turubai.

Alilishusha tena upesi. Kisha akaliinua tena, polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha. Tenga la kwanza lilikuwa limetulia tuli. Ndani yake kuku walikuwa wamelaliana, shingo zimening'inia, na panga zao za vichwani ni rangi ile ile ya zambarau.

Yule mama kijana akatazama chini, akaona alichokalia. Aliruka na mwanawe, akapiga yowe, na boti nzima ikainamia upande mmoja.

Iliwachukua robo saa kuirudisha na kuwatuliza watu. Pikapu ilikuwa imefika kwa kuzungukia daraja la pili. Watu wa ovaroli nyeupe walishusha matenga moja moja, wakapulizia dawa sakafu ya boti, wakawanawisha abiria wote kwa foleni na kuandika majina na namba za simu. Kisakye, amelowa chepechepe, alihesabu matenga kwa sauti. Sita. Saba. Nane.

"Walio hai na waliokufa, mia moja na ishirini," alithibitisha doktora. "Wote wako."

Simu yake ikaita. Alisikiliza, akamgeukia Kisakye. "Wamefika kwa Aidah. Ameshameza dawa ya kwanza. Ametembea mwenyewe hadi kwa gari."

Kisakye alikaa chini pale pale kwenye mchanga, akajikuta anacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, chenye machozi, lakini kilikuwa kicheko, na kilikuwa cha kwanza kwa siku tatu.

Gai alikuja kuchuchumaa karibu nao. Doktora alimmiminia maji mikononi huku yeye akijisugua kwa sabuni.

"Mzee Douglas atakasirika mimi," alisema Gai. "Hii ilikuwa ya mwisho."

"Ya mwisho ya nini?" aliuliza doktora.

"Ya oda. Kuna shirika moja kule chini linanunua kuku kwake. Leo ni safari ya nne."

Maji yaliendelea kumiminika kidogo, kisha yakakatika. Doktora alikuwa amesimamisha dumu.

"Safari ya kwanza ilikuwa lini?"

"Alhamisi. Siyo hii, ile ingine."

"Kila safari mia moja na ishirini?"

"Kila safari."

Kicheko cha Kisakye kilikuwa kimekwisha. Alihesabu kwa vidole vilivyoganda kwa maji, akafika mia tatu na sitini, akaanza upya akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea.

"Shirika linawafanyia nini hao kuku?" Doktora aliuliza kwa sauti iliyotulia mno. "Wanachinja?"

"Hapana, doktora. Wanagawia watu waliokimbia mafuriko, kule kambini. Kuku wawili kila nyumba, wafuge, wapate mayai ya watoto. Watu walifurahi sana. Walipiga ngoma."

"Na hao kuku wana mabanda?"

Gai alicheka kidogo, akikung'uta maji mikononi.

"Banda? Watu wenyewe wanalala chini ya plastiki. Kuku wanalala nao ndani, doktora, katikati ya watoto. Nje wataibiwa."